Zero kilomita lakini inatetemeka kama mashine ya kusaga: yaliyonikuta na sedani mpya ya bosi wangu

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mie humu huwa napita kimyakimya. Nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeona niweke na la kwangu. Shule yangu iliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa taratibu, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimeukimbia uzi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sina sababu ya kuyatia chumvi.

Jina la kampuni ya gari naliacha. Mkifika mwisho mtaona kwa nini si haki kulitaja.

Mimi ni dereva. Naishi Tabata, ila kazi yangu iko Mbezi Beach, kwa mama mmoja anayeuza sare za shule kwa jumla. Tumwite Mama Doreen, kwa jina la binti yake mkubwa. Ni mtu mwema sana, ila kwenye vitu vyake ni mkali.

Mwanzo nilikuwa naendesha kirikuu yake, pikapu ndogo ya kusambaza sare madukani. Kazi ya kelele na jua, lakini niliipenda, maana kwenye kirikuu hakuna mtu wa kuongea naye.

Sasa Mama Doreen maisha yake yote ameendesha gari za mtumba kutoka Japani, kama wengi wetu. Zile unazinunua, redio inaongea Kijapani, na chini ya kiti unakuta kibanio cha nywele cha mtoto wa watu. Mwaka huu akasema basi.

"Nataka mara moja katika maisha yangu nikalie kiti ambacho hajakikalia mtu mwingine."

Mdogo wake wa kiume anaishi Ulaya. Akamtafutia sedani ya kifahari, nyeusi, mpya kabisa, ikapakiwa melini. Siku ya kwenda kuitoa bandarini, Mama akaniita akasema kirikuu nimkabidhi kijana mwingine, mie nitamwendesha yeye. Kwa majaribio kwanza.

Nilishukuru, ila moyoni niliogopa. Kirikuu imeshapata mtu. Nikishindwa huku, kule hakuna pa kurudi.

Tuliikuta gari imefungwa nailoni kila mahali. Viti, dashibodi, stelingi, milango kwa ndani, hadi vile vya kuzuia jua usoni. Nikaanza kubandua ile ya kwenye stelingi ili nishike vizuri. Mama akanipiga kofi mkononi.

"Elia! Gari haijamaliza hata siku moja unaanza kuivua nguo?"

"Samahani Mama."

"Kila kitu kikae kilivyotoka kiwandani. Sitaki kuona kipande kimetolewa."

Wakuu, habari ya nailoni mnaijua, tusidanganyane. Ni nani humu kwao hakuna rimoti iliyovalishwa mfuko? Kwetu kuna sofa ambazo mgeni akikaa zinapiga kelele utadhani anafungua chipsi. Kwa hiyo sikumshangaa Mama. Mtu aliyengoja upya miaka yote ana haki ya kuushika kidogo.

Basi tukatoka bandarini. Ndani ya muda mfupi tu nikaanza kuusikia.

Mtetemo.

Hautoki kwenye stelingi. Unatoka chini, unapanda kwenye sakafu, unaingia kitini, unaishia mgongoni. Chupa ya maji inacheza. Hereni za Mama zinacheza. Kwenye lami laini unapungua, ila ikifika kwenye viraka au matofali ya pavingi, gari nzima inakuwa kama mashine ya kusaga mahindi.

Mama akasema, "Labda ndivyo gari mpya zilivyo. Hata kiatu kipya hubana kwanza."

Nikasema ndiyo Mama. Mie hapo nilikuwa sijawahi kuendesha gari mpya kabisa. Hata kuigusa.

Siku zikaenda, kiatu hakikulegea. Mama akawa ananitazama kupitia kioo. Siku moja tumetulia kwenye foleni, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi.

"Elia, niambie ukweli. Umeiingiza kwenye shimo?"

"Hapana Mama."

"Hujapanda ule ukingo wa njia ya mabasi ya mwendokasi pale Manzese?"

"Hapana Mama."

"Mbona unaangalia chini?"

Wakuu, hilo ndilo tatizo langu. Nikiulizwa jambo, hata kama sijalifanya, sura yangu inakiri. Nilikuwa naangalia chini tangu utotoni, sio tangu nipewe hiyo gari.

Hapo ndipo akaniambia kilichoninyima usingizi. Doreen alikuwa anakaribia kuolewa, na send-off yake ilikuwa Morogoro, mwisho wa mwezi. Mama alitaka kuingia pale ukumbini na gari yake.

"Siwezi kwenda kumuaga mwanangu huku meno yanagongana. Isipotulia kabla ya hapo, nitamwazima dereva wa shemeji yangu, yeye amezoea gari kubwa. Wewe utapumzika kidogo."

Mnajua "kupumzika kidogo" ya bosi inaishiaga wapi.

Nikaipeleka Manzese kwa fundi mmoja anaitwa Mashaka. Ni fundi mzuri, ila mdomo wake haujawahi kufungwa. Ndiye aliyekuwa anaitunza kirikuu yetu. Alipoiona sedani inaingia gerejini kwake alivua kofia.

"Dogo, umeiba?"

"Ya Mama."

"Basi nitanawa mikono kwanza."

Kwa wale wanaopenda ufundi, tulianza hivi. Gari ikiwa imesimama na injini inawaka, imetulia kabisa, unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti. Kwa hiyo sio injini, wala sio mounting zinazoishikilia. Ukishika breki stelingi haitikisiki. Kwa hiyo tukaachana na breki.

Tukaja kwenye matairi. Fundi akapima upepo, akaruka.

"Haya ni matairi au maputo?"

Ulikuwa mwingi mno. Kiwango chake kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango, ila juu yake kuna nailoni. Tukainua kona, tukasoma, tukairudisha na kuipapasa ikae vilevile. Msicheke, kazi nilikuwa bado naitaka.

Tukatoa upepo hadi pale panapotakiwa. Ikapata nafuu kidogo, nikafurahi bure. Tulipofika Ubungo ikarudia yaleyale.

Tukafanya wheel balance. Rimu zote safi. Tukafanya alignment, ikatoka imenyooka. Mashaka akaanza kuninunia kana kwamba nimemletea gari yenye majini.

Ndipo akaamua kuinyanyua tuitazame kwa chini vizuri.

Wakuu, hapa msome kwa makini.

Kwenye springi zote, katikati ya mikunjo, kulikuwa na kipande kigumu cha rangi ya chungwa kimebanwa. Fundi akakigonga kwa bisibisi. Halafu akapiga kelele ya furaha hadi majirani wakachungulia.

"Unaona! Hata Wazungu wameanza kuweka mipira!"

Kwa ambao hamna gari nieleze. Hapa kwetu, mtu mwenye gari ya chini huwa anawekewa mipira kwenye springi ili inyanyuke, isigonge matuta na mashimo. Karibu kila gereji wanaweka. Gari ya zamani ya Mama nayo ilikuwa nayo, na niliipeleka mimi mwenyewe kwa huyuhuyu Mashaka. Kwa hiyo tulipoona vile vipande hatukujiuliza mara mbili. Tulichokiona ni kitu cha nyumbani.

Tulipeana mikono. Tukampigia Mama kwa video, tukamwonyesha.

"Kumbe imenyanyuliwa hukohuko kiwandani?" Mama akasema. "Mdogo wangu amenifikiria. Msiiguse hiyo."

"Hatugusi Mama," akasema Mashaka. Akachukua kitambaa, akaifuta ile mipira vumbi hadi ikang'aa.

Kisha akashusha gari, akaniambia tatizo haliko chini, nimwombe Mungu.

(Mkuu uliyeuliza kwa nini hatukuipeleka kwa wakala: gari haikupitia kwa wakala, ilitumwa na ndugu na kutolewa bandarini na mtu wa kutoa mizigo. Na Mama alikuwa na hofu kwamba wataanza kuifunguafungua. Naendelea.)

Wiki ya send-off ikaingia, mtetemo upo. Dereva wa shemeji alishaambiwa akae tayari. Nilimsikia Mama akiongea naye kwenye simu, nikajifanya nafuta kioo.

Ndipo mama yake Mama Doreen akaja kutoka Njombe kwa ajili ya shughuli ya mjukuu. Tukaenda kumpokea stendi ya Mbezi. Nikampa shikamoo, nikambebea kapu lake la parachichi, nikamfungulia mlango wa nyuma. Akakaa.

Bibi ni mwembamba na alikuwa amevaa kitenge kipya. Kitenge kipya juu ya nailoni, na chini gari inatetemeka. Hatukufika mbali. Nilipotazama kwenye kioo sikumwona Bibi. Alikuwa ameteleza hadi magoti yamegusa kiti cha mbele.

"Tumaini!" akamwita Mama kwa jina lake. "Hiki kiti kimevaa nini?"

"Nailoni Mama. Gari bado mpya."

"Itakuwa mpya hadi lini?"

Mama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Nakuuliza wewe. Mtoto akizaliwa si mnamwogesha? Au mlimwacha Doreen na uchafu wake wa tumboni ili watu waone ni mpya?"

Mie nilibana midomo, maana nikicheka nimekwisha. Mama akaanza kusema kitu kuhusu vumbi la Dar, Bibi akamkata.

"Mimi kwenda Morogoro nateleza hivi siendi. Nitapanda basi na parachichi zangu."

Tulipofika nyumbani Mama aliizunguka gari mara moja. Halafu akasema, "Elia, toa."

Nikaanza kubandua. Mama akawa ananiangalia kama mzazi anayemwangalia kinyozi akimnyoa mtoto nywele za kwanza. Nilipomaliza kiti cha nyuma akaingia, akakaa, akapitisha kiganja juu ya ngozi.

"Kumbe ni laini hivi," akasema. Sio kwangu, alijisemea mwenyewe.

Siku zote hizo alikuwa hajawahi kukigusa kiti chake, wakuu. Alikuwa amekalia mfuko.

Bibi naye akaja kusaidia, akawa anatoa kila anachokiona. Kwenye kingo za milango kulikuwa na vipande vya sponji, rangi ya chungwa. Tukatoa. Kwenye buti kulikuwa na kifuniko kimechomekwa, rangi ya chungwa. Tukatoa. Kwenye vioo vya pembeni utepe wa rangi ya chungwa. Tukatoa. Vyote tukavitupia kwenye pavingi.

Nikachukua fagio nikusanye. Nikasimama.

Nilikuwa natazama lile rundo. Nailoni ukiiacha, kila kilichowekwa kwa ajili ya safari ya melini kina rangi ya chungwa. Na kwenye gari yenyewe, kitu ambacho ni cha gari kweli, hakuna hata kimoja chenye rangi hiyo.

Isipokuwa kule kwenye springi.

Nilifagia palepale nilipokwisha kufagia. Je, nikisema halafu nikakosea? Gari ikashuka, ikagusa matairi, siku chache kabla ya send-off? Na mie nishashukiwa kuipiga kwenye shimo. Kwa mtu wa aina yangu, kusema jambo ambalo hujaulizwa ni kazi kuliko kubeba gunia la sare.

Lakini nikamkumbuka yule dereva wa shemeji.

"Mama."

"Nini?"

"Ile mipira ya kwenye springi... nafikiri na yenyewe ni nailoni."

Bibi ndiye aliyecheka kwanza. Mama akanitazama.

"Nailoni ya springi?"

"Ina rangi moja na hivi vyote Mama. Nafikiri imewekwa ili gari isicheze kwenye meli. Springi haifanyi kazi, imebanwa. Ndiyo maana tunatetemeka."

Nadhani ndio maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia kwa mkupuo. Mama akalitazama rundo, akanitazama mie, akalitazama rundo tena. Halafu akatoa simu, akamtumia mdogo wake ile video ya gerejini. Mdogo wake akajibu kwamba yeye alilipia tu, gari hakuifungua hata mlango, ila atamuuliza aliyemuuzia.

Asubuhi yake Mama hakungoja jibu. Tukaenda Manzese wote, Bibi akawekewa benchi. Mashaka alipoambiwa tunataka kutoa mipira alishika kichwa.

"Mama, nikitoa hii gari italala chini kama mjusi!"

"Inyanyue kwanza."

"Hii ni ya kiwandani Mama. Mimi mwenyewe niliifuta vumbi!"

"Inyanyue, Mashaka."

Akainyanyua huku analalamika. Gari ikiwa juu, ndipo ujumbe wa sauti ukaingia. Mama akaweka sauti kubwa. Mdogo wake alikuwa anacheka hadi maneno hayatoki vizuri.

"Dada, vitoeni hivyo! Vimewekwa kwa ajili ya meli tu, vinatakiwa kutolewa kabla gari haijaendeshwa. Jamaa anauliza viuno vyenu vikoje."

Kisha Bibi akasema kutoka kwenye benchi, "Changu kinauma."

Mashaka akaingia chini. Gari ikiwa imenyanyuliwa springi zimeachia, na vile vipande havikuhitaji hata spana. Akashika kwa mkono, akavuta, kikatoka kama jino la mtoto. Akavitoa vyote, akavipanga chini, akavitazama.

"Dogo," akaniambia, "tulipeana mikono kwa ajili ya hivi?"

"Tulipeana."

Tukacheka hadi akakaa chini.

Gari aliposhusha ikakaa chini kidogo kuliko mwanzo, ila haikugusa kitu. Hapo ndipo mtu huyu, bila aibu kabisa, akamsogelea Mama.

"Mama, ukiona iko chini sana, ninayo mipira ya springi, mizuri, nakuwekea sasa hivi."

Mama alimtazama tu. Mashaka akarudisha kofia yake kichwani.

Tukaitoa barabarani, tukaelekea njia ya Kibaha. Mie naendesha, Mama kakaa mbele pembeni yangu, Bibi nyuma. Nilikuwa nangoja mtetemo kama mtu anayengoja sindano. Viraka tukapita. Pavingi za kituo cha mafuta tukapita. Gari inaelea. Wakuu, siwezi kueleza vizuri, ni kama barabara imetandikiwa godoro. Tukafika kwenye tuta, ikapanda na kushuka kama mtu mzima anayeshuka ngazi.

Mama akageuka kulitazama tuta nyuma yetu.

"Geuza," akasema. "Pita tena kwenye lile tuta."

Nikageuza, nikapita.

"Tena."

Nikapita tena. Nilipotazama kwenye kioo, Bibi alikuwa amelala, mdomo wazi, hajateleza hata kidogo.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Kimara, Mama akaniuliza, "Elia, shati jeupe unalo?"

"Ninalo Mama."

"Jumamosi ulivae."

Halafu akatoa simu akampigia dereva wa shemeji, akamwambia kwa upole kwamba gari imepona na dereva wake ni yuleyule. Nilikuwa naangalia barabara, sio chini.

Jumamosi tukaenda Morogoro. Ukumbini walipokuwa wanatambulisha watu, Mama alipopewa kipaza sauti aliwataja ndugu, akawataja majirani, halafu akasema, "Na huyu pale mlangoni mwenye shati jeupe ni Elia, dereva wangu, ametuleta salama bila kutetemeka." Wenye kujua kisa wakacheka, wasiojua wakapiga makofi. Mie nilitamani kuingia nyuma ya spika, lakini niliwapungia mkono.

Nilichojifunza, wakuu.

Kwanza, gari ikitetemeka usibadilishe vitu hovyo. Sikiliza mtetemo unatokea wapi na unakuja wakati gani. Tungefuata hilo hadi mwisho tungefika mapema, maana ulikuwa unakuja tu springi zinapotakiwa kufanya kazi.

Pili, kitu kutoka kiwandani sio lazima kiwe cha kubaki. Vingine vimewekwa vivuke bahari tu, ndiyo maana jina la kampuni nimeliacha, kosa halikuwa lao. Mie na Mashaka tulikiona kipande kile kwa macho yetu, tukakisifia, kwa sababu kilifanana na tunachokijua. Kufanana na unachokijua sio ushahidi.

Tatu, hili ni la wenzangu wa kimyakimya. Ukiona kitu, sema, hata kama sauti inatoka nusu. Mama hakuniuliza nina elimu gani. Aliangalia lile rundo na yeye akaona.

Sasa nawaachia uwanja. Walioagiza gari zero kilomita, mlikuta nini kimechomekwa ambacho fundi wa hapa hakukijua? Mafundi mliomo humu pia, tuelezeni vitu gani vingine huwa vinakuja na gari mpya na vinatakiwa kutolewa kabla ya kuanza safari. Sie wa mtumba tumezoea kuzipokea zikiwa zimeshatolewa kila kitu, hadi spea tairi.